Tundu Nyuma ya Choo Changu

Imepita! Vijana wangu, pampu imepita kwenye uchochoro wa kwa Bi Mwanaidi, ule ambao watu wawili wanene wakikutana lazima mmoja arudi kinyumenyume. Nimeiona kwa macho yangu haya yenye mtoto wa jicho. Guta la magurudumu matatu lilibaki barabarani, pampu ikashushwa, watu wawili wakaibeba kama wanavyobeba sufuria la pilau, na mpira wake mnene ukawafuata nyuma. Si mara yake ya kwanza, lakini nikapiga makofi peke yangu barazani. Miaka zaidi ya thelathini nilisubiri kuona choo cha bondeni kikinyonywa mchana kweupe, bila lori, bila mvua, bila kumwombea jirani asiwe nyumbani.

Mimi naitwa Mihayo, Mnyamwezi wa Tabora, kidato cha nne, mstaafu. Kazi yangu ilikuwa maendeleo ya jamii. Niliajiriwa na dawati la maendeleo la kanisa, nikawekwa huku bondeni nyuma ya Chang'ombe kuhamasisha usafi wa vyoo na mitaro, kwa Wakristo na kwa Waislamu bila kubagua. Kwenye kamati ya usafi ya mtaa nilikuwa katibu. Sasa Tatu, binti wa marehemu jirani yangu Mzee Mwinshehe, ambaye ndiye kiongozi wa kikundi chenu cha pampu, amenijia barazani akasema, "Baba, hawa vijana wapya wanajua kuendesha mashine. Hawajui kuingia kwenye nyumba za watu. Waandikie."

Nikamwambia nitaandika. Akafika mlangoni, akageuka.

"Na lile lako uandike. Usiwape mbinu tupu."

Basi naandika, lile langu likiwemo. Lakini niacheni kwanza niwape mbinu, maana nazo nilizipata kwa aibu.

Ukiingia kwenye nyumba ya mtu usimuulize choo chenu kikoje. Atakwambia kizuri, na atakuwa ameudhika. Piga hodi, salimia, pokea maji ya kunywa ukipewa, halafu omba kujisaidia. Hakuna mtu wa pwani atakayemnyima mgeni choo. Ukiwa ndani unatazama unavyotaka: sakafu, paa, kama shimo limejaa, kama kuna sabuni. Nilijiona mjanja sana na mbinu hiyo mpaka bibi mmoja, ambaye nyumba yake ilikuwa ya tano asubuhi ile, alinisimamia mlangoni mikono kiunoni.

"Baba wewe, kibofu chako kina matundu? Nyumba nne nzima nakuona unaomba choo!"

Nikakiri. Akacheka mpaka akakaa chini, halafu akanitembeza mwenyewe mtaa mzima akiniingiza vyooni kama mkaguzi. Kwa hiyo ombeni choo, lakini mkishtukiwa msibishe.

Jambo jingine. Msimjengee mtu choo kabla hamjaulala, hata kwa mawazo tu, usiku wake mmoja wa mafuriko. Tulimjengea mama mmoja choo kizuri cha ngazi, cha matofali, chenye bati jipya. Nikarudi baada ya mwezi nikiwa na wageni wa kanisa, nimejaa fahari. Nikafungua mlango. Mkaa! Magunia mawili ya mkaa, na juu yake godoro la mtoto.

"Mama, mbona hukitumii?"

"Nakitumia, baba. Hapo ndipo pakavu kuliko chumbani kwangu. Mahali pazuri hivyo nikapajaze mavi?"

Wageni wakaandika kwenye madaftari yao. Mie nikatamani shimo linimeze, nalo lilikuwa limefunikwa na mkaa. Lakini yule mama alinifundisha kwamba nyumba yake ilihitaji sakafu ya kuinuliwa kabla ya choo, na mwaka uliofuata ndivyo tulivyofanya.

Sasa somo la kuta, ambalo ndilo litakalotufikisha kwenye lile langu.

Nyie mmezaliwa huku, mnajua bonde letu lilivyo. Ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Kwa hiyo shimo haliendi chini, linapanda juu, linajengewa matofali, unapanda ngazi kama unakwenda mimbarini. Shimo la namna hiyo linajaa upesi. Lori la majitaka haliwezi kuingia vichochoroni. Basi watu wakabuni tundu. Chini ya ukuta wa nyuma unaacha tundu la kutosha ngumi, unaliziba kwa matambara, unapaka udongo juu. Ikija mvua ya masika, mvua ile nzito ambayo watu wote wamejifungia ndani, unatoka, unavuta tambara, na uchafu wote unaondoka na maji. Ndiyo kutapisha choo. Maji yanapeleka mtaroni, mtaro unapeleka mtoni, na kila mtu wa bondeni anasahau kwamba ana jirani wa chini yake.

Mtu aliyetapisha hasemi "nimetapisha." Anasema, "Mvua imechukua." Wiki moja baadaye watoto wa mtaa wa chini wakianza kuharisha, anakwenda kuwapa pole na kusema, "Amri ya Mungu." Nilizisikia sentensi hizo mbili mara nyingi kuliko jina langu, na nilizipinga kwenye mikutano kwa sauti kubwa. Nilikuwa nikisema: mvua haina mikono ya kuvuta tambara. Nilikuwa nikisema: mtu akikwambia, "Mungu akipenda tutachimba mtaro," muulize, na wewe unapenda? Maneno mazuri sana. Wala sikuyatunga mimi. Yalikuwa ya Mzee Mwinshehe.

Mwinshehe alikuwa Mzaramo wa kuzaliwa hapahapa, jirani yangu wa ukuta mmoja, yeye upande wa chini, mimi upande wa juu. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, mnajua, tangu enzi za babu zetu waliofika pwani na mizigo kichwani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kununa. Mwinshehe aliitumia haki hiyo kila asubuhi.

"Mnyamwezi, umeamka? Nilidhani umejitwika kitanda umeondoka nacho."

Kazi yake ya mjini ilikuwa kushona viatu. Kazi yake ya moyoni ilikuwa birika la msikiti wetu mdogo. Kila alfajiri na kila alasiri alichota maji kisimani kwa ndoo mbili na kujaza birika wanalotawadhia waumini. Hakuna aliyemtuma. Ufunguo wa uzio wa birika ulikaa shingoni mwake kwenye kamba ya kiatu.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asimwombe Mungu alete mfadhili wa bomba. Akaweka ndoo chini.

"Mtani, Mungu hanipelekei maji birikani. Kanipa mikono, kamaliza. Mtu akitawadha kwa maji yangu, swala yake inaanzia kwenye vidole hivi. Sasa nikilala, nimwambie Mungu nini? Kwamba nilikuwa namsubiri?"

Nikayachukua maneno yale nikayafanya mahubiri ya miaka mingi. Ndiye aliyenifundisha hata kuendesha mkutano. Mkutano wangu wa kwanza wa kuchimba mtaro niliufungua kwa sala. Niliomba kwa ajili ya majembe, kwa ajili ya viongozi, kwa ajili ya mataifa. Nilipofumbua macho mvua ilikuwa inanyesha na watu wamekwisha kukimbia. Amebaki Mwinshehe peke yake chini ya ndoo aliyoigeuza kofia.

"Hongera, mtani. Umeomba mpaka umejibiwa!"

Tangu siku hiyo sala ya kufungua ikawa fupi, na kila aliyeitikia amina alikuwa ameshika jembe. Vijana, shikeni hilo. Kama mkutano wenu una dua, na iwe na majembe karibu.

Sasa lile langu.

Ilikuwa masika ya zamani, Tatu akiwa bado shule ya msingi. Choo changu kilikuwa kimejaa. Kilikuwa kimejaa tangu mwezi uliotangulia na mimi nilikuwa nikipita kukagua vya wenzangu. Jumapili ile jumuiya ya sala ilikuwa ije kwangu, watu kama ishirini, na mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa amenikumbusha mpaka akachoka. Tundu nilikuwa nalo. Katibu wa kamati ya usafi, mwenye tundu! Nilipojenga nilimwambia fundi aache, "kwa dharura tu."

Alhamisi mchana mvua ikaanguka kama imemwagwa kwa karai. Nikasimama dirishani nikajiambia: mvua kubwa namna hii, uchafu utafika baharini kabla sijarudi ndani. Nikatoka na gunia kichwani. Nikainama. Nikavuta tambara.

Na mvua ikakatika.

Vijana wangu, ikakatika kama mtu amefunga bomba! Jua likatoka. Uchafu wangu ulikuwa umetembea hatua kumi tu, ukapita chini ya ukuta, ukatuama pale uchochoro ulipobonyea, mbele ya mlango wa Mwinshehe, hatua tatu kutoka kwenye choo chake. Changu kilikuwa juu, nyuma ya ukuta, hakionekani. Nikasukumia tambara mahali pake, nikanawa kwa sabuni mara tatu, nikakaa kitandani. Nikasikia sauti za watu. Kisha nikasikia ninaitwa.

"Katibu! Aitwe katibu!"

Nikaenda na daftari langu. Nusu ya mtaa ilikuwa pale, wameziba pua kwa kanga na kola za shati. Mwinshehe alikuwa mlangoni kwake, suruali imekunjwa.

"Mie sijatapisha," alikuwa akisema. "Njooni nyuma mkague ukuta wangu."

"Mzee, mvua imekukatikia mkononi!" mtu akapaza sauti, na watu wakacheka.

"Katibu ndiye anayejua kusoma kuta," mwingine akasema. "Katibu, kakague. Sema ni cha nani."

Walikuwa tayari kukagua. Ningeingia nyuma kwa Mwinshehe tungekuta ukuta mzima usio na tundu, na macho yangepanda juu, kwangu. Shehe wa msikiti alikuwa pale. Watu wa jumuiya yangu walikuwa pale. Nikafunga daftari. Nikainua mkono kama ninavyofanya kwenye sala.

"Ndugu zangu, tusihukumiane. Mungu ndiye ajuaye."

Basi. Hakuna aliyekwenda kukagua. Wangewezaje, baada ya maneno matakatifu kama hayo? Wakamtazama Mwinshehe kwa huruma, kama mtu aliyesitiriwa na katibu mwema. Kila neno nililosema lilikuwa la kweli, Mungu alijua, na ndiyo maana lilichoma kuliko uongo. Uongo ungekaguliwa.

Mwinshehe alinitazama. Akatazama njia ya maji ilikotoka, akafuata kwa macho mpaka chini ya ukuta wangu, akanirudia.

"Haya, Mnyamwezi," akasema polepole. "Leo mzigo umeniachia mie."

Watu wakadhani ni utani. Akaenda kuchukua koleo, akauzoa uchafu wangu kwa mikono yake ile. Nami nikamsaidia! Nikashika ndoo, na watu wakasema, tazama katibu alivyo na utu.

Ijumaa baada ya swala shehe akamwita. Hakumgombeza. Alimwambia tu, "Mzee, pumzika kidogo, maneno yapoe. Watu wanaona kinyaa." Mwinshehe akavua ufunguo shingoni akautoa. Maneno hayakupoa. Toka siku hiyo mpaka alipokufa alikwenda msikitini amebeba kopo lake la plastiki la buluu, maji ameyachota na kutawadhia nyumbani, asiguse birika la watu. Alipita chini ya dirisha langu mara tano kwa siku. Hesabuni wenyewe mara tano kwa miaka ile yote. Na shuleni watoto wakamwita binti yake Tatu Tapisha.

Je, hakunisema? Hakunisema. Asubuhi iliyofuata alinisalimu kama kawaida, "Mnyamwezi, umeamka?" Lakini habari ya kitanda hakuiongeza tena. Mkitaka kujua mtani wenu amekasirika, msikilizeni anapoacha kuwatukana.

Mnaniuliza kwa nini sikusema kesho yake. Nilikuwa na sababu kila mwaka. Mwaka wa kwanza niliogopa kazi. Mwaka wa pili nilisema jambo limepoa, nisiliwashe. Baadaye nikasema nimekwisha kutubu kwa Mungu, kwa machozi, na Mungu amesamehe. Hapo ndipo nataka msimame nami kidogo. Nilitubu kweli. Lakini nilimpelekea Mungu deni la Mwinshehe, nikarudi nyumbani mwepesi, na Mwinshehe akaendelea kupita na kopo. Hiyo ni toba gani? Hata mtoto akivunja sahani ya jirani, mamaye hamwambii nenda kalale ukasali. Anamwambia nenda kwa jirani.

Na tundu sikuliziba. Sikulitumia tena, naapa, lakini sikuliziba. Nilitundika gunia mbele yake. Mtu huweka akiba hata ya dhambi.

Mwinshehe akafa kwa ugonjwa wa kifua. Kwenye msiba wa Mzaramo, mtani Mnyamwezi ana kazi yake: anaruhusiwa kuzuia jeneza, kumtukana marehemu, kudai alipwe ndipo msiba uendelee. Watu hucheka, machozi yanapungua uzito. Nikajidanganya kwamba nimepata mlango. Jeneza lilipotaka kutoka nikalala kizingitini.

"Huyu Mzaramo hatoki! Ameondoka na harufu yangu! Kile choo kilichotapishwa kilikuwa changu! Changu mimi, Mihayo! Nirudishieni harufu yangu!"

Nilisema ukweli wote, vijana, kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote. Na msiba mzima ukaangua kicheko.

"Mnyamwezi anabeba mpaka choo!" mtu akapiga kelele. "Mpeni kuku huyo atupishe!"

Nikapewa kuku. Nikarudi nyumbani na kuku wangu na dhambi yangu, vyote viwili vikiwa hai.

Bi Mwanaidi, mjane wake, alikuwa ndani na wanawake. Eda yake ilipokwisha alinisimamisha uchochoroni.

"Shemeji, siku ile nilikusikia. Ulikuwa na njaa ya kuku?"

Akasogea karibu.

"Mume wangu aliniambia jioni ileile. Akanikataza nisinene. Akasema, 'Mwache, atasema mwenyewe, ana dini.' Kakungoja mpaka kafa." Hakupandisha sauti. "Hakupokonywa ufunguo kwa utani, shemeji, na wewe usimrudishie jina lake kwa utani. Kaseme siku ambayo hakuna atakayecheka. Tatu hajui. Anajua tu jina aliloitwa."

Hata baada ya hapo, nilichelewa tena. Miaka. Naona haya kuandika, lakini Tatu amesema niandike.

Halafu ikaja pampu! Tatu alikuwa amejifunza kazi hiyo na wenzake upande wa Kinondoni, akarudi na kikundi na guta, na siku ya uzinduzi mtaa ukakusanyika uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa, Jumamosi asubuhi. Vijana wa muziki wa singeli na spika zao, akina mama na kanga za sare, na Tatu katikati amevaa buti na ovaroli la kijani. Kijana mmoja akamtania kwa lile jina la zamani, naye akajibu bila kugeuka, "Jina mlinipa nyie. Kazi nimejipa mwenyewe. Leta kwanza choo chako tukione." Watu wakashangilia.

Shehe, mzee sasa kuliko mimi, akaomba dua. Mwenyekiti akasema, "Na Mzee Mihayo, mwalimu wetu wa usafi, atuombee kwa upande wa Wakristo."

Nikashika kipaza sauti. Nikamwona Bi Mwanaidi mstari wa mbele, ametazama chini.

"Leo siombi kwanza," nikasema. "Kile choo kilichompokonya Mwinshehe ufunguo kilikuwa changu."

Kicheko kikaanza, kilekile cha msibani. "Mtani huyo! Mpeni kuku!"

"Hapana," nikasema. "Njooni mwone tundu."

Nikaweka kipaza sauti mezani nikaanza kutembea. Sikugeuka kuona nani ananifuata. Nilisikia buti za Tatu nyuma yangu, kisha miguu mingi, na spika za singeli zikazimwa. Tukapita uchochoro wa Bi Mwanaidi mmojammoja, tukazunguka nyuma ya ukuta wangu. Nikaondoa gunia. Nikapiga magoti, magoti haya mabovu, nikavuta tambara. Lilitoka kavu, gumu kama kipande cha ubao. Nikaonyesha mteremko kwa kidole, kutoka tunduni mpaka chini ya ukuta, mpaka mlango wa Mwinshehe. Kila mtu wa bondeni anajua kusoma maji. Hakuna aliyecheka.

"Siku ile mlitaka kukagua," nikasema. "Nikalitumia jina la Mungu kuwazuia."

Shehe akasogea, ameegemea fimbo.

"Na mie nilimhukumu kwa pua," akasema. "Ukuta wake ulikuwa hatua tatu, sikwenda kuutazama." Akafuta uso. "Mungu amsamehe Mihayo, na mie anisamehe."

"Mungu ana yake, shehe," Bi Mwanaidi akadakia. "Hili la kwetu tulimalize kwanza wenyewe."

Nikamgeukia Tatu. Nilikuwa nimetunga maneno kwa miaka, na yote yakanitoka. Nikasema, "Mwanangu, nilikupa jina baya, nikakaa kimya ukiitwa. Nimekosa."

Alinitazama. Macho ya baba yake yaleyale, ya siku ile alipofuata njia ya maji.

"Baba, leo sina la kukujibu," akasema. Akapiga mluzi, wenzake wakaleta pampu. "Choo hiki ndicho cha kwanza. Shika mpini."

Nikaushika! Mbele ya mtaa mzima, na suti yangu ya Jumapili, nilisukuma mpini ule mpaka mikono ikawa kama si yangu. Mpira ukakoroma, mapipa yakajaa moja baada ya jingine, yakafungwa vifuniko, yakaenda kwenye guta. Vijana walitaka kunipokea. Tatu akasema mwacheni. Uchafu uliposhuka shimoni akaniletea saruji kwenye karai na mwiko, nikaliziba tundu kwa mkono wangu. Alama za vidole vyangu zipo pale mpaka sasa. Nendeni mkazitazame. Yale mahubiri yangu yote ya miaka thelathini, natamani ningeyabadilisha kwa kazi ile ya nusu saa.

Tulipotoka, adhana ya adhuhuri ilikuwa karibu. Shehe alisimama mlangoni kwa Bi Mwanaidi akapiga hodi ingawa mwenye nyumba alikuwa pembeni yake.

"Lile kopo la marehemu lipo?"

Lilikuwepo, limetundikwa msumarini. Bi Mwanaidi akalijaza maji ya ndoo yake. Na shehe akachuchumaa palepale uchochoroni, pale palipobonyea, mbele ya macho yetu sote, akatawadha kwa kopo la Mwinshehe: mikono, kinywa, pua, uso, mpaka miguu. Alipomaliza akalisuuza akalirudisha kwa mikono miwili. Ufunguo wa birika alikuja kuuleta jioni. Bi Mwanaidi kautundika kwenye msumari huohuo, na Tatu anasema bomba la maji la msikiti litapita kando ya mtaro mpya wa mtaa.

Sasa vijana, mkiulizwa kazi yenu ni nini, msiseme ni kunyonya vyoo tu. Mna bahati ambayo mie sikuwa nayo: mna mashine inayopita palipokuwa hapapitiki, kwa hiyo hamna kisingizio cha mvua. Ombeni Mungu kila asubuhi mkianza kazi, ombeni kweli. Kisha mkaangalie nyuma ya vyoo vyenu wenyewe.

Jana mchana mvua ilinyesha, ile ya karai. Nikatoka nikasimama uchochoroni na mwavuli. Bi Mwanaidi akachungulia mlangoni kwake, ameshika ndoo ya kukinga.

"Shemeji, unafanya nini mvuani?"

"Naangalia maji."

"Yana nini?"

Nikainama nikayatazama yakishuka kutoka kwangu kwenda kwake, yakipita juu ya miguu yangu.

"Hayana kitu. Maji tu."

"Basi sogea, Mnyamwezi," akasema. "Au unataka kujitwika na mvua?"

Nilisimama pale nikicheka kama mwendawazimu. Ni miaka mingi hakuna mtu wa nyumba ile aliyenitukana.